SOMO LA FAMILIA: Msichana Aliyemwacha Sungura Wake Berlin



Katika toleo hili somo la familia linatoka katika hadithi. Ni hadithi ya msichana wa miaka tisa, mtoto wa mwandishi mashuhuri mjini Berlin, ambaye katika muda wa majuma machache aligeuka kuwa mkimbizi. Tumeichagua kwa sababu mambo yaliyompata yanajulikana katika nyumba zetu: kufungasha haraka, kupita mpakani kwa hofu, kuingia shule ambayo huelewi lugha yake, kumwona baba aliyeheshimiwa akikosa kazi.

Mzazi au mlezi asome sehemu moja moja kwa sauti, na watoto wasikilize. Mwishoni kuna maswali ya kujadili. Tunaomba wasichana wapewe nafasi ya kujibu kwanza, kabla ya kaka zao na kabla ya wakubwa.

LENGO LA SOMO

Kutambua kwamba msichana aliyepoteza nyumba, nchi na hata lugha yake anaweza bado kujua yeye ni nani, iwapo watu wake wanamwambia ukweli, wanamsikiliza, na hawaamui maisha yake bila yeye.

1. KITABU NA MWANDISHI WAKE

Kitabu chenyewe kinaitwa When Hitler Stole Pink Rabbit, maana yake Hitler alipomwiba sungura wa rangi ya waridi. Kiliandikwa na mama mmoja aitwaye Judith Kerr, na kilitolewa Uingereza mwaka 1971. Ni riwaya, lakini imejengwa juu ya maisha yake mwenyewe. Msichana wa katika hadithi anaitwa Anna, na Anna ndilo lilikuwa jina la kwanza la mwandishi, ingawa watu walimjua kwa jina la Judith.

Judith alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1923. Baba yake, Alfred Kerr, alikuwa mwandishi aliyesomwa sana, hasa kwa maoni yake juu ya michezo ya kuigiza. Alikuwa Myahudi, na alimpinga Hitler waziwazi katika maandishi yake. Hitler alipopewa uongozi wa serikali mwezi wa Januari 1933, mtu wa namna hiyo hakuwa salama tena.

Miaka mingi baadaye, Judith akiwa London na watoto wake mwenyewe, waliangalia pamoja filamu moja maarufu yenye nyimbo nyingi, inayohusu familia iliyowakimbia watu wa Hitler. Mwanawe akasema kwamba sasa amejua jinsi mama yake alivyoishi alipokuwa mdogo. Mama aliona kwamba mtoto hajajua. Filamu ilikuwa na milima na nyimbo. Maisha yake yalikuwa kitu kingine. Ndipo akaketi kuandika, ili watoto wake wajue ilivyokuwa kweli.

Hapo tayari kuna fundisho kwa wazazi. Mtoto asipoambiwa historia ya nyumba yake, ataijaza mwenyewe kwa vipande alivyookota kwenye video na maneno ya majirani.

2. KILE ALICHOKIACHA

Hadithi inaanza Anna akitembea kutoka shule pamoja na rafiki yake. Wanaona picha ya Hitler imebandikwa ukutani kwa ajili ya uchaguzi. Kwa Anna ni picha tu. Siku chache baadaye anaamka asubuhi na kukuta baba hayupo nyumbani. Polisi mmoja mwenye moyo mwema alikuwa amepiga simu kwa siri kumwonya kwamba watamnyang'anya pasipoti. Baba alikuwa na homa kali, lakini aliinuka usiku uleule akaondoka kwenda Prague.

Wazazi hawakuwaficha watoto jambo hilo. Mama aliwaambia Anna na kaka yake Max, mwenye miaka kumi na miwili, kwamba baba amekwenda, na kwamba mtu yeyote asijue. Watoto wale walibeba siri kubwa kuliko umri wao, na waliibeba vizuri kwa sababu waliaminiwa.

Ikafika zamu yao ya kuondoka. Ilipasa wawe nje ya nchi kabla ya uchaguzi wa tarehe 5 Machi 1933. Kila mtoto aliruhusiwa vitu vichache. Anna alikuwa na sungura wa kitambaa, wa rangi ya waridi, aliyekuwa naye tangu utoto wake na ambaye alikuwa amechakaa. Alikuwa pia na mbwa mpya wa manyoya. Akachukua mbwa. Sungura angekuja baadaye na mizigo mingine, ndivyo alivyodhani.

Sungura hakuja. Ndani ya treni mama alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa nguvu mpaka mkaguzi wa pasipoti alipopita. Walivuka wakaingia Uswisi. Kesho yake ya uchaguzi watu wa Hitler walifika nyumbani kwao Berlin kudai pasipoti zao. Baadaye nyumba ilichukuliwa na kila kilichokuwamo. Vitabu vya baba vilichomwa moto hadharani pamoja na vya waandishi wengine wengi mwezi wa Mei 1933.

Anna alipojua kwamba mali yao yote imekwenda, alimfikiria sungura. Alijiona mjinga kwa kumchagua mbwa ambaye hakumzoea. Wakubwa wangeweza kumcheka: nchi imepotea, wewe unalilia mwanasesere? Mwandishi hamcheki. Ameweka sungura katika jina la kitabu, kwa sababu mtoto haombolezi nchi. Anaombolezea kile alichokishika kwa mkono wake.

Ndugu mzazi, binti yako naye ana sungura wake. Labda ni daftari, labda ni kuku wake, labda ni rafiki waliyekuwa wakisukana nywele. Akikitaja usimwambie kwamba wengine wamepoteza makubwa zaidi. Hilo analijua. Mwache akitaje.

3. MSICHANA ANAYEULIZWA YEYE NI NANI

Familia ya Anna haikuwa ya watu wa dini. Hawakwenda kwenye sinagogi siku ya Sabato. Kabla ya Hitler, kuwa Myahudi halikuwa jambo ambalo Anna aliliwaza. Katika mazungumzo ya mwanzo na rafiki yake, anaeleza kwamba ni juma lililopita tu baba yake aliwaambia kuwa wao ni Wayahudi na kwamba wasisahau kamwe.

Fikirieni jambo hilo. Msichana analala akiwa Anna, darasa fulani, mtoto wa fulani. Anaamka na watu wasiomjua wameshaamua yeye ni nani. Wengi wetu tunajua hali hiyo. Kabla ya vita mtu alikuwa jirani; vita vilipokuja akaulizwa kabila la baba yake na kabila la mama yake.

Uswisi walikaa kwenye nyumba ya wageni kando ya Ziwa Zurich, na watoto wa mwenye nyumba wakawa marafiki zao. Siku moja ikaja familia nyingine kutoka Ujerumani kwa mapumziko. Mama wa familia ile alipogundua kwamba Anna na Max ni Wayahudi, aliwakataza watoto wake kucheza nao. Watoto wa mwenye nyumba wakabaki katikati, hawajui wacheze na nani.

Anna alimwendea baba yake. Baba hakumwambia kwamba ni jambo dogo. Alimweleza kwamba uongo mwingi unasemwa juu ya Wayahudi duniani, na kwa hiyo watu kama wao wanapaswa kuuvunja uongo huo kwa matendo: wawe waaminifu kuliko wengine, wakarimu kuliko wengine, wenye bidii kuliko wengine.

Jibu hilo lina nguvu, na lina uzito pia. Lina nguvu kwa sababu linampa mtoto kazi ya kufanya badala ya kumwacha na aibu. Lina uzito kwa sababu si haki mtoto wa miaka kumi alazimike kuwa mwema kupita wenzake ili tu aonekane mtu. Tunapowaambia binti zetu, "Usitutie aibu, watasema wakimbizi ndivyo walivyo," tunawabebesha mzigo huohuo. Tuwaambie pia kwamba thamani yao haikuanza siku walipopewa kadi ya mkimbizi, wala haipimwi na wanaotutazama.

4. NYUMBA ILIYOPINDULIWA

Uswisi haikutaka kumchapisha baba. Serikali yake iliogopa kuudhi Ujerumani. Familia ikahamia Paris, katika nyumba ndogo ya vyumba vichache ghorofani.

Hapa hadithi inaeleza mambo ambayo wakubwa wengi hatupendi watoto wayaone. Baba, ambaye magazeti makubwa yalikuwa yakimgombea, sasa anaandika katika gazeti dogo la Wajerumani waliokimbilia Paris, na malipo hayatoshi. Mama alikuwa mpiga piano. Berlin alikuwa na mtumishi wa kupika na kushona. Sasa anajifunza kupika, kufua na kupima kila senti sokoni. Kuna siku anachoka na kukasirika. Kuna mabishano juu ya fedha. Mlinzi wa jengo anayedai kodi anawatukana kwa sababu ni watu waliofukuzwa kwao.

Lakini angalieni mwandishi anavyowaonyesha wazazi wale. Baba hashiki nyundo vizuri, hajui kutengeneza kitu, lakini kila siku anaketi kuandika, hata kama hakuna anayenunua. Mama ndiye anayeipeleka familia mbele. Anna anawaona wote wawili, udhaifu wao na ushujaa wao, na hawadharau.

Anna mwenyewe anapenda kuandika mashairi, na anapenda kuandika juu ya maafa: meli zinazozama na mambo kama hayo. Kaka yake anaona hayafai. Baba anayasoma kwa uzito kama kazi ya mwandishi mwenzake, na anamwambia aandike kile anachotaka yeye mwenyewe. Baba asiyeweza kumnunulia binti yake nguo mpya alimpa kitu hicho, na kitu hicho ndicho kilichodumu. Yule mtoto wa mashairi ya meli ndiye aliyekuja kuwa mwandishi.

Akina baba wanaosoma somo hili: huenda huna shamba tena, huna duka, huna cheo. Bado una masikio. Binti yako akikuletea alichoandika, alichochora au alichosikia darasani, weka kando kila kitu kwa dakika tano.

5. LUGHA MPYA

Anna alijua Kijerumani. Paris alipelekwa shule ya Kifaransa. Aliketi saa nyingi akisikia sauti tu, bila maana. Imla yake ilirudi imejaa alama za makosa. Alirudi nyumbani amechoka, na siku moja alikata tamaa kabisa akaona hataweza kamwe. Mama yake alimwambia kwamba tayari anaweza mengi kuliko anavyofikiri.

Baada ya miezi mingi, asubuhi moja alijibu kwa Kifaransa bila kutafsiri kichwani kwanza. Maneno yalikuja yenyewe. Mwandishi anaelezea furaha ile kama ya mtu aliyegundua ghafla kwamba anaweza kuruka angani. Mwaka 1935, baada ya chini ya miaka miwili Paris, Anna alifaulu mtihani wa cheti cha shule ya msingi ya Kifaransa, akapata na zawadi kwa insha yake. Insha ile ilihusu safari: aliandika juu ya mtu anayetoroka usiku akiwa na homa. Alichukua jeraha la nyumba yao akaliandika kwa lugha ya wenyeji, na wenyeji wakaielewa.

Jambo moja lifikiriwe na wazazi. Watoto wanaijua lugha ya nchi ya hifadhi kabla yetu. Binti wa miaka kumi anakuwa mkalimani wa mama yake zahanati na ofisini. Tumshukuru, lakini tusimgeuze kuwa mzazi wetu. Tena tusiiache lugha ya nyumbani ife. Mtoto anayejifunza ya tatu hahitaji kuitupa ya kwanza.

6. JE, TUTENGANE?

Hapa ndipo kiini cha somo. Fedha zilipokaribia kwisha, baba aliuza London maandiko ya filamu aliyoyatunga juu ya mama yake Napoleon, na wazazi wakaamua kwenda Uingereza kujaribu tena. Bibi yao aliyekuwa kusini mwa Ufaransa akajitolea kukaa na watoto mpaka mambo yatulie. Lilikuwa wazo la busara. Bibi ana nyumba, ana chakula.

Anna akasema hapana. Aliwaeleza wazazi wake kwamba hajali kuwa mkimbizi, hajali kukosa fedha wala kutojua watakaa wapi, ilimradi wawe pamoja. Wakitengana, hapo ndipo atajiona mkimbizi kweli. Wazazi walimsikiliza. Wakaenda wote wanne.

Wapendwa, tunajua kwamba katika makazi yetu uamuzi wa namna hii hufanywa mara nyingi, na mara nyingi msichana haulizwi. Mgao ukipungua, binti anapelekwa mjini kufanya kazi za ndani kwa mtu asiyejulikana vizuri. Au anaozwa kabla ya wakati, na mahari inalipa deni. Wazazi husema, "Ni kwa faida yake." Pengine wanaamini hivyo. Lakini je, aliulizwa? Akisema hapana, hapana yake ilisikika? Wazazi wa Anna nao walikuwa na njaa ya kesho. Tofauti ni kwamba walimruhusu mtoto aseme, na neno lake likabadilisha safari.

Hatusemi kwamba kila familia inaweza kukaa pamoja. Wengine wametenganishwa na vita, si kwa hiari. Kitabu chenyewe hakifichi hilo. Rafiki wa familia, ambaye watoto walimwita mjomba Julius, alibaki Berlin akiamini mambo yatapita. Alifukuzwa kazi kwa sababu bibi yake alikuwa Myahudi, kisha akanyang'anywa hata ruhusa ya kuingia bustani ya wanyama aliyoipenda, akajiua. Na nje ya kitabu tunajua yaliyofuata: Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa kufikia mwaka 1945, na zaidi ya milioni moja kati yao walikuwa watoto.

Kwa hiyo watoto wanaolelewa na shangazi, na bibi, au na jirani wasisikie somo hili kama hukumu. Esta, ambaye habari zake tunazisoma katika Biblia, alikuwa yatima uhamishoni, akalelewa na Mordekai, mtoto wa ndugu ya baba yake. Kwa muda alilazimika kuficha kabila lake. Lakini kulikuwa na mtu aliyejua yeye ni nani na aliyekwenda kila siku kuulizia hali yake. Hiyo pia ni familia.

7. UTOTO MGUMU

Anna alikuwa amesoma kwamba watu wengi mashuhuri walikuwa na utoto mgumu. Jambo hilo lilimfikirisha safari nzima: je, utoto wake ni mgumu wa kutosha? Mwishoni wanapofika London, anapima yote, nchi tatu, lugha mbili mpya, umaskini, na anaona kwamba hauhesabiki, kwa sababu walikuwa pamoja na kulikuwa na mambo ya kufurahisha.

Msomaji mzima anajua kwamba ulikuwa mgumu. Wazazi ndio waliobeba sehemu kubwa. Ni vema pia tukumbuke kwamba familia ile ilikuwa na pasipoti, elimu na marafiki, mambo ambayo wengi wetu hatukuwa nayo tulipokimbia. Lakini utulivu wa Anna haukuletwa na pasipoti.

Judith Kerr aliishi Uingereza maisha yake yote yaliyobaki, akaandika na kuchora vitabu vya watoto mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2019 akiwa na miaka 95. Kaka yake, Michael, alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani ya nchi iliyowapokea. Na Ujerumani, nchi iliyowafukuza, ilikitunuku kitabu hiki tuzo yake ya vitabu vya vijana mwaka 1974, na watoto wa Kijerumani wamekuwa wakikisoma shuleni.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kwa watoto: ni kitu gani ulikiacha ambacho bado unakikumbuka? Kila mmoja akitaje, na asichekwe.

2. Kwa wazazi: watoto wenu wanajua kwa nini mliondoka? Ni sehemu gani wanaweza kuambiwa sasa kulingana na umri wao?

3. Mtu akikuuliza kwa dharau wewe ni wa wapi, unajibu nini? Ungependa kujibu nini?

4. Katika mwaka uliopita, ni uamuzi gani mkubwa uliofanywa juu ya msichana wa nyumba hii? Aliulizwa?

5. Anna aliwaandikia wenyeji habari za baba yake. Wewe ungeandika habari za nani? Chukua karatasi uanze na sentensi moja.

Bwana azilinde nyumba zenu.